Ukuta ulianguka, msingi haukutikisika: kisa cha ukuta wa kuzuia udongo kwenye kinamo, Pemba

Kwanza

Kisa hichi ni cha nyumba moja ya familia kusini mwa Pemba. Majina ya watu, kijiji na fundi wa mwanzo nimeyatoa yote, na vitu viwili vitatu visivobadilisha maana nimevisogeza kidogo ili pahala pasijulikane. Wenyewe wameniruhusu. Bibi mwenye nyumba ndo alosema kabisa, "waeleze watu, mana wapo wanaojenga saivi hivi hivi kama sisi."

Mimi niliitwa ukuta ukiwa umeshaanguka. Kwaivo yaliyotokea kabla nimeyakusanya kwa kuuliza, kwa kuangalia picha zilokua kwenye simu za watu, na kwa kusoma ule ukuta wenyewe ulivolala pale chini, mana ukuta uloanguka unasema mengi ukiuangalia kabla haujazolewa.

Pahala penyewe

Alopita njia ya kutoka Chake kwenda Mkoani anaijua Pemba ilivo, kilima bonde kilima bonde, mpunga chini mikarafuu juu. Kiwanja cha tambarare ni bahati, wengi tunakata kilima tupate pa kueka nyumba. Hii nayo ilikatwa hivo hivo. Nyuma ya nyumba kuna uwa, kwenye uwa kuna jiko la nje, na kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye mkato wa kilima ni kama mita mbili na nusu. Mkato una kimo cha mita 2.2 na urefu wa mita 18. Juu yake kuna nyumba ya jirani, mita saba hivi kutoka ukingoni, bati lake lote la upande huo linamwaga maji kuelekea kwenye mkato.

Udongo wa juu, kama nusu mita, ni kinongo, ule mwekundu unaolimika. Chini yake ni kinamo, yani udongo mfinyanzi, rangi ya jivu yenye madoa ya kutu. Nilichukua bonge moja, nikalilowesha kidogo nikaliviringisha kiganjani mpaka likawa jembamba kama tambi, halikukatika, nikalikunja pete, halikupasuka. Kinongo cha juu nilikijaribu vile vile, kilimeguka mapema tu. Hichi si kipimo cha maabara lakini ukishaona udongo unakunjika pete bila ya kupasuka basi ujue una kinamo kizito, maji yanaingia taratibu sana na kutoka yanatoka taratibu zaidi, na kikirowa kinavimba, kikikauka kinasinyaa na kupasuka.

Ushauri ulotoka Canada

Mtoto wa kiume wa yule bibi anaishi Canada, karibu na Toronto, na yeye ndo aliekua anatuma pesa. Kwake huko ana ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, udongo wa huko kwake nao ni mfinyanzi, na ukuta wake umekaa miaka na baridi yote ile na haujatikisika. Kwaivo alipoambiwa kwa mama yake panahitajika ukuta alisema kitu cha maana kabisa kwa alivokua anajua: chimbeni msingi futi nne, mita 1.2, mana huku ndo wanavofanya na kuta hazisogei.

Na ni kweli kule ndo kina cha msingi. Ila sababu yake ni baridi. Majira ya baridi ardhi inaganda kutoka juu kwenda chini, kusini mwa Ontario wanahesabu kama mita 1.2, na majimbo ya baridi zaidi huko Marekani kama Minnesota kaskazini wanakwenda mpaka futi tano. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, lakini hiyo ndo sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa ni kwamba udongo mfinyanzi unavuta maji kutoka chini kwenda pale panapoganda, yanajikusanya yanakua matabaka ya barafu, tabaka juu ya tabaka, na yale matabaka yanainua msingi juu kama jeki, alafu majira ya joto yakija barafu inayayuka na msingi unashuka kombo. Ndo mana wanakwenda chini ya pale barafu inapofika. Pemba ardhi haigandi. Mita 1.2 hapa haina hilo la kulizuia.

Ami yake, ndo aliekua msimamizi, aliyapokea maelekezo kama yalivo. Simlaumu, pesa ni ya kijana, kijana amesema futi nne, na futi nne zikachimbwa.

Ujenzi wa kaskazi

Mkato ulifanywa Januari, kwenye jua la kaskazi, ukuta ukajengwa Februari. Matofali ya inchi 6, nguzo kila mita tatu zenye nondo nne za milimita 12, mbele ukapigwa plasta safi na rangi nyeupe. Chini, msingi wa mawe na zege uloshuka mita 1.2 kweli kweli. Nilivopiga hesabu na ami baadae, zaidi ya nusu ya simenti yote ya kazi ile ilikua imeingia chini ya ardhi.

Nyuma ya ukuta pakajazwa ule ule udongo wa kinamo ulotoka kwenye mkato, umemwagwa kwa pauro, haukushindiliwa. Hakuna kokoto, hakuna bomba. Matundu ya kutolea maji fundi aliyataja, nataka hili liandikwe mana ni haki yake, alisema "tuache matundu" lakini akaambiwa yatatia madoa kwenye rangi, na yeye hakushikilia.

Kuna jambo la kinamo cha kaskazi ambalo linadanganya hata watu wazoefu. Ukikikata Januari kinasimama wima peke yake kama kimechongwa, unaweza kuegemea. Kwaivo mtu anaona udongo wenyewe hausukumi, ukuta ni wa kupendezesha tu na kuzuia vumbi, basi tofali la inchi 6 linatosha. Na kwa Januari ni kweli linatosha. Udongo ule unasimama kwa sababu umekauka na maji machache yalobaki ndani yanaushikanisha, na hiyo gundi inaondoka siku ya maji mengi.

Mwanzi wa kuanikia nguo

Bibi alikua na mwanzi wake wa kuanikia nguo, ncha moja imekaa kwenye tundu la ukuta wa jiko, ncha ya pili imeegemezwa kwenye ukuta mpya, umebana sawasawa, aliukata mwenyewe kwa kipimo. Machi mwanzoni mwanzi ulikua unalegea, mara mbili ulidondoka na nguo. Hapo (hili tumelielewa baadae) udongo nyuma ulikua unasinyaa kwa jua na ukuta umerudi nyuma kidogo, na kati ya udongo na ukuta pamefunguka ufa mrefu, mtu anaingiza kiganja.

Masika yakaanza mwishoni mwa Machi. Wiki ya pili ya Aprili bibi akaona mwanzi haudondoki tena. Wiki ya tatu umepinda, katikati umeinuka juu kama upinde. Akamwita mjukuu wake, akamwambia ukuta unakuja huku. Mjukuu akasema, "Bibi, mwanzi mbichi huo, unajipinda wenyewe kwa unyevu." Bibi akaleta mwengine mkavu, akaukata kwa kipimo kile kile cha mwanzo, haukuingia. Ulikua umezidi kwa upana wa vidole vinne.

Vidole vinne! Yani ukuta ulikua umetoa tumbo kiasi hicho na plasta ndo kwanza ina nyufa za nywele. Alimwambia na ami, ami akaja akatazama akasema tutalitazama mvua zikikatika. Mimi naamini pale ndo palikua pahala pa kuokoa, kulikua na siku kama tisa za kutoboa matundu na kuchimba mtaro juu, kazi ya vijana wanne na patasi.

Ukuta ulianguka kiasi cha saa tisa usiku, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo. Mita 11 kati ya 18 zilikwenda, udongo ukaingia mpaka jikoni, ukuta wa jiko ukapasuka. Alhamdulillahi uwani hapakua na mtu. Ingekua saa kumi na moja alfajiri bibi angekua pale anakoka moto.

Tulichokikuta

Nilifika siku ya pili yake, mvua inanyesha. Vijana wa mtaani wameshakuja na mapauro, toroli mbili, gari la ng'ombe, wako tayari kuzoa udongo wote uwa uwe safi. Cha kwanza nilichofanya ni kuwazuia, na wengine walikasirika kwa haki, wamekuja kusaidia watu wao. Lakini ule udongo uloporomoka ndo uliokua umeegemea kilima. Ukiuzoa wote katikati ya masika unakiondolea kilima mguu, na juu pale mita saba kuna nyumba ya watu. Tukazoa njia ya mita moja tu ya kufikia mlango wa jiko, basi. Vijana tukawapeleka juu wakachimbe mtaro wa kuyapeleka pembeni maji ya bati la jirani, na mkato ukafunikwa turubai.

Nilipoangalia ukuta ulolala ndo nikaona jambo ambalo limenifanya niandike kisa hichi. Ukuta ulikua umekatika usawa wa ardhi, pale tofali la kwanza lilipokaa juu ya msingi, nondo za nguzo zimepinda kama zimekunjwa na mkono. Msingi wenyewe? Uko pale pale. Tulivuta uzi kutoka ncha hadi ncha, tukaeka timazi, tukaeka pima maji, haujasogea hata milimita. Ile pesa yote ya futi nne ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila kazi ile hapa haikua ikihitajika.

Hesabu ya kilichousukuma

Nitaieleza kwa ufupi. Ufa ule ulofunguka nyuma ya ukuta wakati wa kaskazi, mvua ilipokuja ulijaa maji. Maji yalosimama nyuma ya ukuta wa mita 2.2 yanausukuma kwa nguvu ya kama tani 2.4 kwa kila mita moja ya urefu. Zidisha kwa 18, unapata tani 43 hivi. Hayo maji peke yake, udongo bado. Ukuta wa inchi 6 kwa kimo hicho una uzito wa kilo mia sita na kitu kwa mita.

Na haijalishi ufa ni mpana au mwembamba. Hili watu hawaliamini. Maji yalojaa ufa wa sentimita moja yanasukuma sawa sawa na maji ya bahari nzima kwa kimo kile kile. Kwaivo huhitaji mafuriko, unahitaji ufa mmoja na mvua moja.

Maji yalitoka wapi kwa wingi huo? Bati la jirani tuliposimama kulipima, sehemu inayomwaga huku ni kama mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Pemba ni ya kawaida, inatoa lita 6,000. Hizo ni pipa 30 za lita 200, zinamwagwa pahala pamoja juu ya mkato, kwenye udongo ulomwagwa bila ya kushindiliwa.

Picha iliobadilisha mazungumzo

Kijana wa Canada nilizungumza nae kwa WhatsApp usiku wa siku ile ile. Alikua ameumia sana, anajiona yeye ndo aloangusha ukuta juu ya mama yake. Nikamuuliza una picha za ukuta wako wa huko wakati unajengwa? Akatafuta, akatuma tatu.

Picha ya pili ndo yenyewe. Ukuta uko nusu, nyuma yake kuna kokoto tupu upana wa kama sentimita 30 kutoka chini mpaka karibu na juu, chini kabisa bomba jeusi lenye vitundu, na kati ya kokoto na udongo kuna kitambaa kizito cha kuchujia. Udongo mfinyanzi wote ulochimbwa umeekwa pembeni, umepakiwa kwenye lori, haukurudishwa nyuma ya ukuta. Nikamwambia kaka, hichi ndo kinachouzuia ukuta wako, mana barafu kutanuka inahitaji maji, na hapo nyuma hayabaki maji ya kuganda. Futi nne zinalinda msingi usiinuliwe, lakini huu ukuta wenyewe unalindwa na kokoto.

Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Mimi siku walipofika na kokoto nilikua kazini. Niliporudi washafukia."

Sijawahi kupata jibu lilonifungua macho kama hilo. Yeye alikiona kinachoonekana, ukuta, na alikiuliza kinachogharimu, kina cha msingi. Kile kinachofanya kazi kilikua kimeshafukiwa. Na ndo ilivo kwa kila mtu anaeangalia ukuta wa mwenzake au video, huwezi kuona cha nyuma.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, kusubiri. Ami alitaka tuanze Juni. Nilikataa, tukakubaliana tukate mwezi wa Agosti wakati wa kusi udongo ukiwa umetulia, tumalize kabla ya vuli ya Oktoba. Miezi mitatu na zaidi bibi alipikia barazani, si jambo dogo kwa mtu wa umri wake, na sitaki nilipite kama halikuwepo.

La pili, kuta mbili fupi pahala pa moja refu. Nguvu ya kusukuma haipandi sawa na kimo, ukiongeza kimo mara mbili nguvu inakua mara nne. Ya chini tuliipa mita 1.2 juu ya ardhi, ya juu mita 1.0, na ya juu tukairudisha nyuma mita 2.4, mara mbili ya kimo cha ya chini, ili isiikalie mwenzake kichwani. Hapa palikua na mvutano, mana tunakula ardhi ya juu ambayo bibi alikua na migomba yake. Tukamwambia ile ngazi ya katikati utapanda mchaichai na mboga, mizizi mifupi, si mti. Akakubali mboga, mchaichai akasema anao wa kutosha.

La tatu, mawe. Nilifikiria na masanduku ya waya yanayojazwa mawe, ni mazuri sana kwa maji, lakini waya wa bei ya kawaida kwa hewa ya chumvi ya kisiwa sikuuamini. Zege la nondo lilikua ghali. Tukachukua mawe ya uwandani, ukuta mnene unaosimama kwa uzito wake, chini upana sentimita 90, juu 40, uso umelala nyuma kidogo. Mawe yalikwenda zaidi ya mita 30 za ujazo kwa kuta zote mbili. Ni mengi, lori lilichoka.

La nne, kina: nusu mita tu. Tupite udongo laini tukae kwenye kinamo kigumu kisichoguswa. Msingi wa zamani hatukuuvunja, ukuta mpya tuliuanzisha nyuma yake, ukabaki kama kizuizi cha kuzuia ukuta usiteleze kuja mbele. Nilifurahi kumwambia kijana kwamba pesa yake ile haikupotea yote.

La tano, jirani. Tulikwenda watatu, mimi, ami na bibi mwenyewe, na bibi ndo alozungumza, si mimi. Hakwenda na lawama, alimwambia, "Mwanangu, maji yako na udongo wangu vimekutana, tuvitenganishe." Jirani akatia mifereji ya bati kwa gharama zake na mtaro tukaufanya pamoja, sheha akashuhudia tu pale mtaro unapokatisha njia ya watu.

Kazi yenyewe

Tulikata kwa vipande vya mita tatu tatu, kipande kimoja kinajengwa na kujazwa nyuma kabla ya kufungua kinachofata. Inachosha na fundi analalamika mana kazi ya uzi mrefu ni rahisi zaidi, lakini sikutaka mita 18 za kinamo zikae wazi hata usiku mmoja.

Nyuma ya kila ukuta: bomba la inchi 4 lenye vitundu, vitundu vinaangalia chini, limelala na mteremko wa sentimita 18 kutoka ncha hadi ncha na kutokea bondeni. Watu wengi wanageuza vitundu juu, wanadhani maji yanaingia kwa kudondoka. Yanaingia kwa kupanda kutoka chini, vitundu vikiwa juu bomba linasubiri maji yapande kwanza ndo lifanye kazi. Juu ya bomba kokoto safi, upana sentimita 30, kokoto za kugongwa kwa mkono tulizonunua kwa kina mama, tukaziosha kwanza, vumbi lake likibaki linaziba. Kati ya kokoto na kinamo tukaeka mchanga mnene sentimita 15 wa kuchuja, kwa sababu kile kitambaa cha Canada hatukukipata Pemba kwa wakati. Juu kabisa tukafunika kwa kinamo chenyewe kilichoshindiliwa vizuri, sentimita 25, na mteremko wa kwenda kwenye mtaro. Kinamo ni adui nyuma ya ukuta, ila pale juu ni kifuniko kizuri kuliko simenti.

Na matundu kwenye ukuta wa chini, kipande cha bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu, jumla 12.

Mita nne za mwisho mchanga uliisha. Gari lilotarajiwa halikuja, vuli inanukia, mafundi wameshaahidiwa kazi kwengine. Nikakubali waeke magunia ya mchele ya nailoni pahala pa mchanga. Ni mimi nilokubali.

Masika ya mwaka ulofata

Bibi alirudisha mwanzi wake. Ulikaa masika yote, haukudondoka wala haukupinda.

Mvua kubwa ya kwanza matundu tisa ya mwanzo yalitoa maji ndani ya saa moja, mwanzo yenye ukungu wa vumbi la kokoto, kesho yake meupe unaweza kunawia. Bomba la chini lilikua linatiririka bondeni siku mbili baada ya mvua kukatika, ndo unajua kinamo kinavoyaachia maji kidogo kidogo, na kwamba maji yote yale mwaka wa nyuma yalikua hayana pa kwenda.

Tundu la 10 na la 11 yalitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakutakata. La 12 lilitoa siku tatu likakauka, wakati mengine yanaendelea kutoka. Hayo matatu ndo ya zile mita nne za magunia.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni mifereji ya bati na mtaro wa juu. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi nzima na vimeondoa maji mengi kabla hayajafika kwenye udongo. Kama familia ina pesa ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu na ukuta mwakani, basi waanze na maji ya juu. Ningeanza na hilo hata kwa ukuta wa zamani ulosimama.

Kugawa ukuta mara mbili kumefaa, na kusubiri kusi kumefaa. Kuacha udongo uloporomoka pale ulipo kulifaa pia, mkato haukuporomoka tena mpaka Agosti, ingawa siwezi kusema kwa hakika ungeporomoka tungeuzoa. Nisingejaribu.

Kuhusu kina, niseme haki. Futi nne si ujinga kwa kinamo, hata kwenye joto. Tabaka la juu linavimba na kusinyaa kila mwaka, na msingi wa sentimita 20 juu ya kinamo nao utakusumbua. Lakini kina kinachukuliwa kwa sababu ya pahala, mtu aende mpaka pale udongo haubadiliki sana kwa majira, na uwa ule uko kivulini na umesakafiwa, nusu mita ilitosha. Vile vile kule Canada na Marekani kuta za matofali makavu ya kupangana mara nyingi haziendi futi nne, zinakaa juu ya tabaka la kokoto iloshindiliwa na zinaachwa zicheze kidogo. Kwaivo hata huko kwenyewe futi nne si ya kila ukuta. Kanuni ya kule ambayo ningependa tuichukue ni nyengine: majimbo mengi ya Marekani ukuta ukizidi futi 4 unatakiwa kibali na mara nyingi injinia. Wa kwetu ulikua futi 7 na ulijengwa kwa mazungumzo ya simu.

Kilichofeli kwanza ni kutomsikiliza bibi. Alikua na kipimo, kipimo chenyewe kizuri kuliko macho ya fundi, kinapima kila siku pahala pale pale, na alikisoma sawasawa. Aliambiwa mwanzi mbichi. Nikiitwa saivi kwenye ukuta wowote swali langu la kwanza naliuliza kwa anaekaa nyumba ile mchana kutwa, mlango gani unakwama, maji yanatuama wapi, kitu gani kilikua kinaingia na saivi hakiingii.

Cha pili, matundu yalokataliwa kwa ajili ya madoa. Madoa yapo kweli, ukuta wa saivi chini ya kila tundu una mstari wa kutu na mwani. Nikiona ukuta mweupe safi uloshika kilima katikati ya masika mimi sasa naingiwa na wasiwasi, nauliza maji yake yako wapi.

Cha tatu ni changu. Gunia la nailoni limesukwa bapa, matundu yake hayalingani, pahala pengine linapitisha chembe za kinamo na pengine linazibwa nazo, ndo mana matundu mawili yanatoa matope na moja limekauka. Yale yanayotoa matope yananitisha kidogo, yanasafirisha udongo wa nyuma ya ukuta kidogo kidogo. Lililokauka linanitisha zaidi, mana maji yapo na hayatoki. Siku ile nilikua na njia nyengine, ningeifunga ile mita nne kwa turubai nikasubiri gari la mchanga, wiki moja mbili. Niliogopa vuli na niliogopa kuwapoteza mafundi, na vyote viwili vilikua vya kweli, lakini nilijua gunia ni gunia.

Familia nimeshawaeleza, na kijana wa Canada nimemtumia picha za matundu yote 12 yamepangwa kwa namba. Tutafungua mita hizo nne kutoka juu mwezi wa Septemba, tutoe kokoto tuzioshe upya, tueke mchanga. Mpaka wakati huo bibi anayahesabu kila baada ya mvua, ananitumia sauti, la kumi bado chai, la kumi na mbili bado kimya. Mchanga umeshafika, uko chini ya turubai pembeni ya jiko.